Wasifu wa Mfano: Rodolphe Töpffer, Mwalimu Mchora Vibonzo

Mtahiniwa, ukiagizwa katika karatasi ya insha uandike wasifu, usikimbilie tarehe. Nimesahihisha insha nyingi za aina hii. Nyingi huanza kwa kuzaliwa, zikapitia shuleni, zikafika kaburini, na msomaji anabaki hajui mtu huyo alitaka nini wala ni nini kilichomzuia. Soma wasifu ufuatao ukiwa na maswali hayo mawili akilini. Tarehe utazipata, lakini zimewekwa pale tu zinapohitajika.

Kama umewahi kufungua gazeti la Taifa Leo ukamtafuta Juha Kalulu kabla ya kusoma habari yoyote, basi una deni dogo kwa mtu huyu. Wataalamu wengi wa vibonzo humtaja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa hadithi za picha kama tunavyozijua: visanduku vinavyofuatana, maneno machache chini yake, na mhusika yule yule anayetoka kwenye balaa moja na kuingia kwenye nyingine.

Rodolphe Töpffer alizaliwa mjini Geneva tarehe 31 Januari 1799. Mji huo leo ni wa Uswisi, lakini mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa kwake ulikuwa umetwaliwa na Ufaransa, nao ulijiunga na Uswisi mwaka wa 1815. Babake, Wolfgang-Adam Töpffer, alikuwa mchoraji wa mandhari na wa maisha ya watu wa mashambani. Alichora pia vikaragosi vya kuwadhihaki watu wa mji wake. Mtoto alikulia katikati ya rangi na penseli, na hakuwa na ndoto nyingine ila kuwa mchoraji kama babake. Maji hufuata mkondo.

Mkondo huo ulizibwa na macho. Rodolphe alipokuwa kijana, macho yalianza kumsumbua, na mwaka wa 1819 alikwenda Paris kutafuta tiba na kuendelea na masomo. Tiba haikupatikana. Fikiria hali yake: kazi ya mchoraji wa rangi ni kukaa saa nyingi mbele ya turubai, akitofautisha kijani na kijani, kivuli na kivuli. Kwa kijana wa miaka 20 ambaye macho yanamsaliti, mlango huo ulikuwa umefungwa. Alirudi Geneva bila kile alichokuwa amekitaka tangu utotoni, akaingia ualimu.

Hapa watahiniwa wengi wangeandika kwamba alikata tamaa au kwamba hakukata tamaa, kisha wakaendelea. Usifanye hivyo. Onyesha alichokifanya. Alianza kwa kufundisha katika shule ya mtu mwingine mwaka wa 1822. Mwaka uliofuata alimwoa Anne-Françoise Moulinié, na muda mfupi baadaye wakafungua shule yao ya bweni ya wavulana. Wanafunzi wengi walitoka nchi za nje, wakaishi katika nyumba ya mwalimu, wakala mezani pake. Jioni, masomo yalipokwisha, mwalimu alichukua karatasi na kalamu ya wino, akaanza kuchora hadithi za kipuuzi huku wavulana wakimzunguka. Kalamu ya wino haikumchosha macho kama rangi. Mstari mmoja wa haraka ulitosha kuwa pua, na mwingine ukawa kofia. Kama mstari ulitetemeka, ulizidi kuchekesha.

Mimi binafsi nimewahi kunyang'anya daftari la mwanafunzi aliyenichora nikiwa na tumbo kubwa kuliko nililo nalo. Tangu nisome habari za Töpffer nimekuwa na shaka kidogo na uamuzi ule.

Mwaka wa 1827 alichora hadithi ya bwana mmoja aitwaye Vieux Bois, mpenzi asiye na bahati ambaye kila baada ya msiba hubadilisha shati na kuanza upya. Baadaye akaja Daktari Festus, msomi anayesafiri kujielimisha lakini haoni chochote njiani. Kisha akaja Bwana Jabot, mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa. Jabot huanguka, huchanika nguo, kisha husimama tena kwa maringo kana kwamba hakuna aliyemwona. Yupo pia Bwana Crépin, baba wa watoto 11, ambaye huajiri mwalimu baada ya mwalimu, kila mmoja akiwa na mbinu ya kufundisha ya kijinga kuliko ya aliyemtangulia. Ni mwalimu tu ambaye angeweza kuichora hadithi hiyo.

Lakini darasa lake kubwa lilikuwa nje. Kila mwaka, kwa karibu miaka 20, Töpffer aliwachukua wanafunzi wake kwa safari ya miguu katika milima ya Alps. Usifikirie safari za shule zetu, za basi, soda na kurudi jioni. Hao walitembea siku nyingi mfululizo, shanta mgongoni na fimbo mkononi, wakivuka mapito ya juu kati ya Uswisi, Ufaransa na Italia. Mkewe alitembea pamoja nao. Mwaka wa 1841 walifika hadi Venice, na mwaka uliofuata waliuzunguka Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote katika Alps.

Safari ilipokwisha, mwalimu aliketi akaiandika na kuichora. Milima mikubwa ilikuwemo, ila alichokipenda zaidi ni watu wadogo walio chini yake: msururu wa wavulana walioloa chapachapa, nyumba ya wageni isiyo na vitanda vya kutosha, sahani iliyokwisha kabla haijafika upande wa pili wa meza, mtalii Mwingereza aliyekaa kimya kama gogo. Siku hizo mchezo wa kuteleza thelujini kwa skii ulikuwa bado haujafika Alps. Hata hivyo, ukikuta leo jarida la michezo ya milimani lina kibonzo cha mtu aliyeanguka miguu juu, kichekesho ni kile kile alichokiona Töpffer. Mtu huondoka nyumbani na nia ya kuushinda mlima, akashindwa na kiatu chake.

Sasa zingatia upande wa ufundi, kwa kuwa ndio unaoeleza kwa nini mwalimu wa mji mmoja alikuja kusomwa ng'ambo. Kuchapisha picha wakati ule kulikuwa kazi ya watu wawili: mchoraji alichora, kisha fundi akaichonga upya juu ya shaba au mbao. Yaliyokuwa hai katika mstari wa kwanza mara nyingi yalikufa mkononi mwa fundi. Töpffer alitumia njia nyingine. Alichora kwa wino wenye mafuta juu ya karatasi maalumu. Karatasi ikagandamizwa juu ya jiwe laini la kuchapia, wino ukahamia kwenye jiwe, na kutoka kwenye jiwe zikapigwa nakala nyingi. Mwandiko wake na picha zake zilitoka pamoja, kwa mkono wake mwenyewe, na hakuhitaji kuandika kinyumenyume kama wale waliochora moja kwa moja juu ya jiwe.

Hata hivyo alisita. Mwaka wa 1832 aliteuliwa kuwa profesa wa fasihi katika Chuo cha Geneva. Je, profesa anaweza kuuza vitabu vya Bwana Jabot akianguka chali? Katika mji wenye heshima zake, swali hilo halikuwa mzaha. Jina lake lilikuwa pia ndilo chakula cha familia, maana wazazi walipeleka watoto kwa mwalimu waliyemheshimu.

Aliyemtia moyo alikuwa mzee aliye mbali. Rafiki wa Geneva, Frédéric Soret, aliyekuwa akifanya kazi Weimar huko Ujerumani, alimwonyesha Goethe baadhi ya albamu hizo. Goethe, mshairi aliyeheshimiwa kuliko wote Ulaya wakati ule, alikuwa na miaka zaidi ya 80. Alizipenda sana, akizisoma kurasa chache kwa wakati mmoja. Alifariki Machi 1832, lakini habari za sifa hizo zilikuwa zimekwisha kumfikia mwalimu. Töpffer alichapisha Jabot mwaka wa 1833, akakaa nacho, na hakukitoa kwa wasomaji hadi 1835. Angalia miaka hiyo miwili. Kitabu kipo, kimechapwa, na mwenyewe anaogopa kukitoa.

Kilipotoka, hakuna aliyemfukuza kazi. Crépin na Vieux Bois vilifuata mwaka wa 1837. Mwaka wa 1839 mchapishaji mmoja wa Paris alitoa nakala bila idhini yake, na mwaka wa 1842 Vieux Bois alichapishwa New York kwa Kiingereza, akiitwa Obadiah Oldbuck. Toleo hilo huhesabiwa kuwa kati ya vitabu vya kwanza vya vibonzo nchini Marekani.

Mwaka wa 1845 hadithi yake ya Bwana Cryptogame, mkusanya vipepeo anayemkimbia mchumba wake, ilitoka kwa mfululizo katika jarida la L'Illustration la Paris. Jarida lilichapa maneno na picha kwa pamoja, hivyo picha zilihitaji kuwa juu ya vipande vya mbao vinavyokaa sawa na herufi za risasi. Njia yake ya jiwe haikufaa. Ilibidi mchoraji kijana aitwaye Cham azichore upya juu ya mbao. Picha zikapata wasomaji wengi, zikapoteza mkono wa mwenyewe.

Usimfanye malaika. Katika wasifu, sifa tupu hazimsaidii mtu. Wanawake katika hadithi zake ni vichekesho tu, na maharamia wa Algeria aliowachora katika Cryptogame wamechorwa kwa dharau ambayo leo mhariri angeikataa. Katika siasa alikuwa mhafidhina mkali. Wanamageuzi walipoanza kupata nguvu Geneva, aliandika magazetini kuwapinga, na mwaka wa 1845 alitoa kitabu cha picha, Albert, kumdhihaki kijana mvivu anayeishia kuwa mchochezi. Huo ndio uchungu zaidi kati ya vitabu vyake, na kwa maoni yangu ndio unaochekesha kidogo zaidi.

Mwaka huo huo alitoa kijitabu kuhusu uchoraji wa nyuso. Hoja yake ni kwamba uso wowote uliochorwa, hata ule wa mtoto asiyejua kuchora, tayari una tabia. Sogeza nyusi kidogo, uone kama yule yule aliyekuwa mpole hajawa mjanja. Jaribu nyuma ya daftari lako, ila si wakati wa somo.

Afya yake ilikuwa imekwisha kuharibika. Aliumwa wengu, macho yakazidi kudhoofika, akaenda kujitibu kwa maji ya Vichy, Ufaransa, bila nafuu ya kudumu. Ilimlazimu kuifunga shule. Alifariki Geneva tarehe 8 Juni 1846, akiwa na umri wa miaka 47. Mkusanyo wa safari zake, Voyages en zigzag, ulikuwa umechapishwa Paris mwaka wa 1844. Mkusanyo wa pili ulitolewa baada ya kifo chake, ukiwa na wavulana wale wale wanaopanda mlima kwa msururu, aliye nyuma kabisa akiwa ameketi chini kuvua kiatu.