Sheikh Omar al-Mukhtar, Mwalimu wa Chuo Aliyehukumiwa kwa Saa Moja

Wazee wetu wana msemo kwamba mwenye nguvu mpishe. Sheikh Omar al-Mukhtar wa Libya hakupisha. Kwa muda wa miaka ishirini alisimama mbele ya jeshi la Italia, na alipokamatwa alikuwa mzee wa miaka sabini na zaidi. Ushujaa wake wajulikana na wengi. Lakini iko sehemu moja ya maisha yake ambayo yafaa tuitazame kwa makini, nayo ni ile hukumu aliyopitishiwa, kwani ndani yake mna funzo kubwa juu ya majeshi ya kigeni na sheria wanazokuja nazo.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1860 katika nchi ya Barka, mashariki ya Libya, katika kabila la Mnifa. Baba yake alifariki njiani akienda Hija, na kijana akalelewa mikononi mwa masheikh. Alisoma Kurani, kisha akapelekwa Jaghbub, mji ulioko ndani ya jangwa, ambako tarika ya Sanusiya ilikuwa na chuo chake kikuu. Alikaa huko miaka mingi akisoma tafsiri, hadithi na fikihi. Masheikh wake walipoona ana akili, subira na neno moja, walimpa zawiya ya al-Qusur aisimamie.

Zawiya ya Barka haikuwa msikiti peke yake. Palikuwa na chuo cha watoto, nyumba ya wageni, mashamba ya wakfu, na baraza la kusuluhisha magomvi ya makabila. Kwa hiyo Sheikh Omar alikuwa mwalimu, imamu na msuluhishi kwa pamoja. Lau hali ya dunia ingetulia, huenda angelizeeka hapo na ubao na wino wake.

Mnamo Oktoba 1911 Wataliani walishuka Tripoli kuwapokonya Waturuki nchi hiyo. Tarehe 23 ya mwezi huo walishambuliwa katika viunga vya mji, na askari wao wengi wakauawa. Siku zilizofuata waliwageukia raia. Katika mashamba ya mitende ya karibu na mji waliuawa wanaume, wanawake na watoto kwa maelfu, na maelfu wengine wakapakiwa melini kupelekwa vifungoni katika visiwa vya Italia. Waandishi wa magazeti ya Ulaya waliokuwapo waliyaona mambo hayo wakayaandika. Hakuna kamanda aliyeitwa mbele ya kadhi wala jaji.

Waturuki walifanya mapatano mwaka wa 1912 wakaondoka. Watu wa Barka wakabaki na Masanusi wao. Amiri Idris alipohamia Misri mwisho wa mwaka wa 1922, uongozi wa vita ulimwangukia Sheikh Omar. Umri wake ulikuwa umepita sitini. Akaanza maisha ya kupanda farasi usiku na kulala mapangoni mchana katika Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani. Watu wake walikuwa wachache, nao adui alikuwa na ndege, magari ya chuma na rashasha. Lakini kila hema lilikuwa lake. Wabeduwi walimpa ngano, habari na vijana wao, wakatoa na zaka yao kwake.

Wataliani walipoling'amua hilo, walikata shauri kuuondoa umma wenyewe. Mwaka wa 1930 Jenerali Rodolfo Graziani aliletwa Benghazi. Zawiya zilifungwa, mali ya wakfu ikatwaliwa, na masheikh wakahamishwa. Kisha watu wa mlimani, wapata laki moja, wakaswagwa pamoja na mifugo yao hadi jangwani na kutiwa ndani ya seng'enge, katika kambi za Agheila, Magrun, Soluq na nyinginezo. Wengine walitembea mamia ya maili, na aliyebaki nyuma hakungojewa. Ndani ya kambi njaa na maradhi viliwamaliza watu kwa makumi ya maelfu. Kondoo na ngamia, ambao ndio uhai wa Mbeduwi, walikufa karibu wote. Mwaka wa 1931 ukajengwa ua wa seng'enge kutoka pwani hadi Jaghbub, urefu wa kilomita 270, ili chakula na risasi zisipite kutoka Misri.

Tarehe 11 Septemba 1931, karibu na Slonta, farasi wa Sheikh Omar alipigwa risasi akaanguka naye. Mzee alijeruhiwa mkono, akashikwa, akatiwa melini hadi Benghazi.

Sasa tazama sheria ilivyofanya kazi. Kabla mahakama haijakaa, Gavana Badoglio alikwisha peleka simu kutoka Tripoli, akiagiza kesi ifanywe kwa utaratibu, na adhabu, ambayo bila shaka ingekuwa kifo, itekelezwe katika moja ya kambi kubwa. Tarehe 15 jioni mzee aliingizwa mahakamani mikono imefungwa minyororo. Kesi ilichukua muda wa saa moja hivi. Aliulizwa kama alipigana na dola ya Italia, akakubali, wala hakuomba msamaha. Wao walimwita muasi, ilhali hakuwahi kuwa raia wao kwa hiari yake. Angehesabiwa mateka wa vita, isingekuwa halali kumnyonga. Wakili aliyepewa, kapteni wa jeshi hilo hilo la Kitaliani, alimtetea kwa moyo. Kwa utetezi huo naye akatiwa kizuizini siku kumi.

Kesho yake, tarehe 16 Septemba, Sheikh Omar alinyongwa Soluq. Wafungwa wa kambi wapata elfu ishirini walitolewa wasimame watazame.

Na wale waliowatia raia ndani ya seng'enge walifanywa nini? Graziani alipandishwa cheo. Mwaka wa 1937 alikuwa mtawala wa Kitaliani huko Addis Ababa, na baada ya kutupiwa mabomu ya mkono askari na wafuasi wao waliachiwa siku tatu kuua wenyeji, na mwezi Mei watawa wa Debre Libanos wakauawa. Ni dola hiyo hiyo ambayo askari wa KAR kutoka Kenya, na ndani yao vijana wetu wa Kiislamu, walikwenda kuipiga mwaka wa 1941 kupitia Kismayu na Mogadishu. Vita vilipokwisha, Wahabeshi walidai majenerali hao wahukumiwe. Hawakupewa. Graziani alihukumiwa na Wataliani wenyewe mwaka wa 1950, miaka 19, kwa kosa la kushirikiana na Wajerumani. Damu ya Barka na ya Uhabeshi haikutajwa katika kosa hilo. Akafunguliwa baada ya miezi michache, akafa kitandani mwake mwaka wa 1955.

Hata filamu ya maisha ya Sheikh Omar, iliyotoka mwaka wa 1981, ilizuiwa Italia kwa hoja kwamba yavunja heshima ya jeshi. Haikuonyeshwa katika televisheni ya huko hadi mwaka wa 2009.

Tarehe 30 Agosti 2008 serikali ya Italia iliomba radhi mjini Benghazi, ikaahidi dola bilioni tano kwa miaka ishirini. Ni jambo la kushukuriwa, kwani dawa ya deni ni kulipa. Lakini sisi tuliosoma fikihi chuoni twajua kwamba dia hupewa warithi wa aliyeuawa, na muuaji hujulikana kwa jina. Hapa fedha zilikuwa za barabara na majengo, tena ya kujengwa na kampuni za Kitaliani, na hakuna muuaji aliyetajwa. Mwaka wa 2011 vita vya Libya vikazuka na mapatano yenyewe yakasimama.

Mzee wa miaka sabini alipatiwa mahakama kwa siku nne. Maiti wa Agheila na Soluq hawajapatiwa yao hadi leo. Ndiyo maana jina lake halizeeki, na sura yake imo katika noti za Libya. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu waliokufa ndani ya seng'enge bila ya majina yao kuandikwa.