Tommy Flowers: Fundi wa simu aliyelipatia jeshi kompyuta, kisha akaamriwa kunyamaza

SIKU hizi wizara ya ulinzi ikihitaji kompyuta hutangaza zabuni, huandika sifa za mashine inayotakiwa na huweka katika mkataba kipengele cha matengenezo. Mtu aliyeupatia upande wa Uingereza kompyuta ya kwanza ya elektroniki kutumika vitani hakupitia zabuni yoyote. Mashine yake haikuwa imeagizwa, na sehemu ya gharama aliitoa mfukoni mwake mwenyewe. Alikuwa fundi wa simu.

Thomas Harold Flowers, aliyefahamika zaidi kwa jina la Tommy, alizaliwa Desemba 22, 1905 katika mtaa wa Poplar, mashariki mwa London, kwa watu wa kipato cha chini. Baba yake alikuwa mwashi. Kijana huyo alijifunza ufundi wa mitambo akiwa mwanagenzi katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Woolwich, na jioni alihudhuria masomo ya Chuo Kikuu cha London hadi akapata shahada ya uhandisi wa umeme. Mwaka 1926 aliajiriwa na Idara ya Posta ambayo, kama ilivyokuwa kwetu enzi za Posta na Simu, ndiyo iliyoendesha pia huduma za simu. Miaka minne baadaye alihamia katika kituo cha utafiti cha idara hiyo, Dollis Hill.

Ni hapo alipopata elimu ambayo wanahisabati wa jeshi hawakuwa nayo. Wakati huo simu ziliunganishwa kwa swichi za sumaku, zilizokuwa nzito na za taratibu. Flowers alianza kutumia valvu, yaani zile taa za kioo ambazo wazee wetu wanazikumbuka ndani ya redio zilizohitaji kupata moto kwanza ndipo zitoe sauti. Wahandisi wengi hawakuziamini kwa sababu ziliungua mara kwa mara. Yeye aligundua kwamba kinachoziua hasa ni kuwashwa na kuzimwa. Ukiziacha zinawaka usiku na mchana, hudumu kwa muda mrefu sana.

Vita vilipopamba moto, Februari 1941 aliombwa kumsaidia Alan Turing, aliyekuwa akifumbua maandishi ya siri ya Wajerumani katika kituo cha Bletchley Park, kaskazini-magharibi mwa London. (Ni kituo hicho hicho ambacho mwaka 1942 kilikuwa na tawi Kilindini, Mombasa, katika shule ya Allidina Visram, likishughulikia ishara za siri za jeshi la majini la Japani.) Turing ndiye aliyemkutanisha na Max Newman, mwanahisabati aliyepewa kazi ngumu zaidi, ile ya mashine ya Lorenz.

Lorenz haikuwa Enigma inayosimuliwa katika filamu. Ilikuwa na magurudumu 12 na ilibeba mawasiliano ya Hitler na majenerali wake wa ngazi za juu. Bill Tutte, kijana wa Bletchley, alikuwa amefaulu kuelewa muundo wake bila ya yeyote pale kuiona. Hata hivyo, kukokotoa kwa mkono kulichukua muda mrefu, hata habari ikapoteza maana. Newman akaundiwa mtambo uliosoma tepe mbili za karatasi kwa pamoja. Tepe hizo zilitanuka, zikapishana na kukatika.

Februari 1943 Flowers alipendekeza jambo jingine kabisa: tepe moja iondolewe, na kazi yake ifanywe na valvu zaidi ya 1,500 ndani ya mashine yenyewe. Wakuu wa Bletchley hawakuafiki. Hawakuwahi kuona chombo chenye hata valvu mia chache kikifanya kazi kwa kutegemewa, na waliona vita vingekwisha kabla hajamaliza. Walimwachia tu aendelee kwa hiari yake. Mkuu wake wa Dollis Hill, Gordon Radley, akambariki, na mafundi wa simu wakaingia kazini kwa muda wa miezi 11.

Desemba 1943 mashine iliwaka, na Januari 1944 ikapelekwa Bletchley kwa lori. Kwa ukubwa wake iliitwa Colossus, yaani jitu. Ilisoma herufi 5,000 kwa sekunde na kurudia jibu lile lile kila ilipoulizwa swali lile lile, jambo lililowashangaza waliozoea mtambo wa tepe mbili. Februari 5 ilianza kazi halisi. Wale wale waliosita sasa wakataka nyingine haraka, kabla ya Juni.

Mashine ya pili, yenye valvu takriban 2,400 na kasi mara tano ya ile ya kwanza, iligoma usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho. Fundi Bill Chandler alikesha akisaka hitilafu, na asubuhi ya Juni 1, 1944 ikafanya kazi. Siku tano baadaye majeshi ya washirika yalitua Normandy. Hadi vita vinakwisha zilikuwapo mashine kumi, zikiendeshwa na wasichana wa jeshi la majini na kutunzwa na mafundi wa Posta waliopiga kambi hapo hapo kwa zamu. Kwa maoni yangu, huduma hiyo ya kila siku ndiyo isiyosifiwa vya kutosha.

Vita vilipokwisha, mashine nane zilivunjwavunjwa. Flowers aliamriwa kuharibu nyaraka zote, naye akazitupia michoro na hesabu zake katika tanuri la Dollis Hill. Serikali ilimpa pauni 1,000, kiasi ambacho hakikurudisha alichotumia, na sehemu kubwa aliwagawia wasaidizi wake. Nyumbani, mkewe na wanawe wawili walijua tu kwamba alifanya kazi ya siri na muhimu.

Kiapo cha siri kilimgharimu zaidi ya fedha. Wamarekani John Mauchly na Presper Eckert, walioliundia jeshi lao mashine ya ENIAC, waliionyesha hadharani Februari 1946, wakafungua kampuni, na vitabu vikawaita waanzilishi. Flowers alirudi kwenye simu. Inasimuliwa kwamba aliomba mkopo Benki Kuu ya Uingereza aunde kompyuta nyingine, akakataliwa kwa kuwa benki haikuamini mashine kama hiyo ingeweza kufanya kazi, na hakuruhusiwa kusema kwamba alikwisha kuiunda.

Siri ilianza kufunguliwa katika miaka ya 1970. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Newcastle kilimtunuku udaktari wa heshima. Mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 87, alipata cheti cha mafunzo ya awali ya kompyuta katika chuo cha Hendon, darasa moja na watu wengine wa mtaani. Mwaka 1996 alishuhudia nakala ya Colossus iliyoundwa upya na Tony Sale ikiwashwa Bletchley.

Alifariki dunia nyumbani kwake London, Oktoba 28, 1998. Ripoti rasmi kuhusu kazi ya Lorenz, iliyoandikwa mwaka 1945, ilitolewa kwa umma mwaka 2000.