Graham Hill: Bingwa wa Kila Chombo na Karatasi Zilizokwisha Muda

Kila mwaka mbio za Safari Rally zikikaribia kule Naivasha, ubishi huzuka barazani. Mmoja atasema dereva wa mbio za nyika ndiye dereva kamili, kwa sababu anapita matope, mawe na vumbi. Mwengine atamjibu kuwa dereva wa langalanga, hizo mbio za Formula One, ndiye mwenye ujuzi hasa, kwani kasi yake haimpi nafasi ya kufikiri mara mbili. Mimi swali langu huwa jengine. Je, yuko aliyetoka kwenye chombo kimoja akaingia chengine, kisha chengine, na kote akashinda?

Wako waliojaribu, na wachache wamefaulu kiasi. Lakini katika mashindano matatu yanayohesabiwa kuwa makubwa kuliko yote duniani, yaani Monaco, Indianapolis na Le Mans, mpaka leo ni mtu mmoja tu aliyeshinda yote. Ni Mwingereza Graham Hill, aliyefariki mwaka wa 1975. Maisha yake yana mafunzo mawili, moja tamu na moja chungu, na yote mawili yanatuhusu sisi tunaoishi kwa kushika usukani au kwa kupanda gari la mwenziwe.

Hill alizaliwa London tarehe 15 Februari 1929. Hakuzaliwa katika nyumba ya matajiri wenye magari ya mashindano. Alisomea ufundi, akafanya kazi katika kampuni ya vifaa vya kupimia, akatumikia jeshi la wanamaji kama fundi wa injini. Mchezo wake wa kwanza haukuwa magari hata kidogo. Ulikuwa kupiga makasia. Alikuwa mwanachama wa klabu ya makasia ya London, na rangi za klabu hiyo, buluu iliyokoza yenye mistari myeupe, ndizo alizozipaka kwenye helmeti yake mpaka siku aliyoacha mashindano.

Sasa sikiliza ajabu. Mtu huyu alipata leseni ya kuendesha gari akiwa na miaka 24. Wakati wenzake walikuwa wameanza wakiwa vijana wadogo, yeye ndiyo kwanza anajifunza klachi na gia. Mwaka wa 1954 aliona tangazo kwamba ukilipa shilingi tano za Kiingereza utaruhusiwa kuendesha gari la mashindano mzunguko mmoja katika uwanja wa Brands Hatch. Akalipa, akazunguka, na tangu siku hiyo hakutaka kazi nyengine. Pesa za kununua gari la mbio hakuwa nazo, hivyo akaingia kupitia mlango wa nyuma: akawa fundi makanika katika kampuni changa ya Lotus. Alitengeneza magari ya wengine mpaka mwishowe akapewa nafasi ya kuyaendesha. Mbio zake za kwanza za langalanga zilikuwa Monaco, mwaka wa 1958.

Ushindi ulichelewa. Alihamia timu ya BRM mwaka wa 1960, na ubingwa wa dunia ukaja mwaka wa 1962, tena hapa hapa Afrika. Mbio za mwisho za msimu zilifanyika East London, Afrika Kusini, tarehe 29 Desemba. Mskoti Jim Clark ndiye aliyekuwa akiongoza, na lau angemaliza hivyo taji lingekuwa lake. Gari lake likaanza kuvuja mafuta, akatoka. Hill akapita, akashinda mbio na taji kwa pamoja.

Hapa ndipo watu hukosea kumweleza. Husema hakuwa na kipaji cha kuzaliwa kama Clark, ila alikuwa na bidii tu. Mimi naona neno bidii halitoshi. Alichokuwa nacho Hill ni kukubali kufundishwa na chombo. Alikuwa na daftari lake ambamo aliandika kila kitu kuhusu gari: springi, tairi, gia, mabadiliko yaliyofanywa na matokeo yake. Mafundi wengine walichoka naye kwa maswali. Lakini mtu mwenye daftari kama hilo anaweza kuhama kutoka gari moja kwenda jengine, kwa sababu hachukui mazoea ya gari la kwanza akayalazimisha kwa la pili. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui kina chake. Hill alitembea na upondo wa kupimia.

Tuyatazame hayo mashindano matatu, tuone yalivyo mbalimbali.

Monaco ni barabara za mji. Ni nyembamba, zina kona za kukunja kama vichochoro vya Mji wa Kale, na ukikosea kidogo unagonga ukuta. Huko kunataka mkono mwepesi na subira. Hill alishinda Monaco mara tano: 1963, 1964, 1965, 1968 na 1969. Ule wa 1965 ndio ninaoupenda. Akiwa mbele alimkuta dereva wa nyuma anayekwenda polepole, akalazimika kuingia njia ya dharura ili asimgonge. Hakukasirika akaacha. Alishuka, akalisukuma gari kwa mikono mpaka barabarani, akapanda tena akiwa nafasi ya tano, akawafukuzia mmoja mmoja na akashinda.

Indianapolis, Marekani, ni kinyume chake. Uwanja ni wa umbo la yai, mzunguko mmoja ni kilomita nne, kona ni nne na zote ni za kushoto. Madereva huzunguka mara 200, karibu kilomita 800, mguu ukiwa umekanyaga mafuta karibu muda wote. Mwaka wa 1966 Hill alikwenda huko akiwa tayari bingwa wa dunia, lakini kwa sheria za uwanja ule alihesabiwa kuwa mgeni anayeanza, na mgeni lazima kwanza athibitishe mbele ya wakaguzi kwamba anaweza. Hakuona haya. Siku ya mbio, magari 11 yalitolewa na ajali moja hata kabla ya mzunguko wa kwanza kukamilika. Hill aliendesha kwa hesabu, na Mskoti Jackie Stewart aliyekuwa akiongoza injini ilipomharibikia karibu na mwisho, Hill akapita na kushinda. Tangu 1927 hakuna mgeni aliyekuwa ameshinda pale. Na kichekesho ni kuwa zawadi ya mgeni bora wa mwaka alipewa Stewart.

Le Mans, Ufaransa, ni jambo la tatu kabisa. Mbio huchukua saa 24, mchana na usiku, jua na mvua, na gari moja huendeshwa kwa zamu. Huko mwenye pupa hamalizi. Unatakiwa ulitunze gari ili mwenzako akilipokea alikute zima. Hill alikuwa ameshajaribu mara nyingi. Mwaka wa 1963 na 1965 aliendesha huko gari la ajabu la Rover-BRM, lenye injini isiyo na pistoni, ya jamii ya zile zinazosukuma ndege. Mwaka wa 1964 alimaliza wa pili kwa Ferrari. Ushindi ukaja 1972, akiwa na miaka 43, ndani ya gari la Kifaransa la Matra pamoja na Henri Pescarolo, kijana aliyemzidi umri kwa mbali. Inajulikana kuwa Pescarolo mwanzoni hakufurahi kupangwa na mzee. Mvua iliponyesha usiku, mzee akaonyesha kwa nini alipangwa. Walikwenda zaidi ya kilomita 4,600 na wakawa wa kwanza.

Ugumu wa kukusanya yote matatu utauona kwa waliomfuata. Juan Pablo Montoya wa Colombia alishinda Monaco na Indianapolis, Le Mans bado. Fernando Alonso wa Hispania alishinda Monaco na Le Mans, akaenda Indianapolis zaidi ya mara moja, akarudi mikono mitupu. Zaidi ya miaka 50 imepita, na Hill bado yuko peke yake.

Tusidhani lakini kwamba njia ilikuwa nyepesi. Aprili 1968 Jim Clark, ambaye wakati huo walikuwa timu moja ya Lotus, alikufa katika mbio ndogo huko Hockenheim, Ujerumani. Hill alikuwemo katika mbio hizo hizo. Timu nzima ilivunjika moyo. Mbio zilizofuata za ubingwa, huko Hispania, Hill alishinda, akaendelea mpaka akatwaa taji lake la pili la dunia mwaka huo. Mtu mzima msibani ndiye anayeshika nyumba, na yeye aliishika.

Oktoba 1969, huko Watkins Glen, Marekani, gari lake lilizunguka na kuzima. Alishuka akalisukuma likawaka, akapanda, lakini mikanda ya usalama haikufungika bila ya mtu wa kumsaidia. Akaendelea hivyo hivyo. Muda si muda tairi ikaharibika, gari likapinduka, naye akarushwa nje akavunjika miguu yote miwili. Miezi mitano baadaye alikuwa Afrika Kusini, hata kutembea hajaweza vizuri, akaendesha mbio nzima na kumaliza wa sita. Watu walimsifu kwa ushujaa huo, na kweli ulikuwa ushujaa. Lakini mimi husimama kwenye ule mkanda usiofungwa.

Maana chombo chake cha mwisho hakikuwa gari. Hill alikuwa rubani, akiendesha ndege yake ndogo kwenda na kurudi mashindanoni. Mwaka wa 1975 alikuwa ameanzisha timu yake mwenyewe. Aliposhindwa kufuzu Monaco, mahali alipokuwa mfalme, aliamua kustaafu na kumwachia usukani kijana mwenye kipaji, Tony Brise. Tarehe 29 Novemba walikuwa wakirudi kutoka Ufaransa walikokwenda kulijaribu gari jipya. Hill ndiye aliyekuwa akirusha ndege. Usiku ule ukungu ulikuwa mzito. Karibu na uwanja wa Elstree, kaskazini ya London, ndege iligonga miti na kuanguka kwenye uwanja wa gofu wa Arkley. Wote sita waliokuwemo walikufa: Hill, Brise na wanatimu wanne.

Uchunguzi haukuweza kusema kwa yakini nini kilisababisha. Lakini uligundua kwamba ndege haikuwa na usajili halali, na kwamba idhini ya Hill ya kurusha ndege katika hali mbaya ya hewa ilikuwa imekwisha muda. Karatasi hazikuleta ukungu, tuseme kweli. Ila karatasi ziliamua yaliyofuata. Bima haikulipa. Familia za waliokufa, nazo zilikuwa na wajane na haki yao, zilidai kutoka katika mali aliyoiacha. Mjane wake, Bette, alilazimika kuuza nyumba. Mtoto wake wa kiume, Damon, alikuwa na miaka 15.

Hapo ndipo funzo chungu lilipo. Mtu aliyeandika kila springi na kila gia kwenye daftari, aliyekubali kukaguliwa kama mwanagenzi Indianapolis hali ni bingwa wa dunia, kwenye chombo kimoja tu aliacha muda upite. Na sita walikuwa humo.

Sisi Waislamu wa pwani tuna desturi kwenye maziko: kabla ya maiti kuzikwa, mtu wa familia husimama akatangaza kuwa anayemdai marehemu ajitokeze. Tunafanya hivyo kwa sababu tunajua deni halizikwi na mwenyewe. Linabaki mlangoni kwa mjane na mayatima. Leo ni vijana wangapi wetu wanaotoka kwenye bodaboda wakaingia tuktuk, kutoka tuktuk wakashika matatu, au wakaacha ngalawa wakapewa boti la injini lenye abiria, kwa leseni ya chombo cha jana na bima iliyokufa mwezi uliopita? Kuhama si kosa. Hill alihama maisha yake yote, na ndiyo sifa yake. Kosa ni kuhama bila kusoma chombo kipya, na kubeba roho za watu bila ya dhamana yao.

Damon Hill alianza na pikipiki za mashindano, akifanya vibarua ili apate riziki. Mama yake, akihofia pikipiki, ndiye aliyemsukuma ajaribu magari. Alichelewa kama baba yake, akahama chombo kama baba yake, na mwaka wa 1996 akawa bingwa wa dunia, akiwa amevaa helmeti ile ile ya buluu yenye mistari myeupe ya makasia. Alikuwa mtoto wa kwanza wa bingwa kuwa bingwa. Alifika, alhamdulillahi, lakini baada ya miaka mingi ya dhiki ambayo sahihi na mihuri michache ingeweza kuipunguza.

Basi ndugu dereva, na wewe nahodha, kesho kabla ya kuwasha injini tazama tarehe mbili: ya leseni na ya bima. Na kama chombo unachokishika leo si kile ulichojifunzia, tafuta anayekijua akufundishe, hata kama ni mdogo kwako.