Armstrong, mutu aliyepigana na kelele za redio



Redio ya bisi ndiyo inatuletea habari asubuhi tukienda kazini. Lakini dereva akikanyaga aksileratere, pengine sauti nyembamba inaanza kulia na kupanda pamoja na motere, na hapo kila mutu ndani ya bisi anageuka fundi. Leo, mbele ya kutafuta dawa yake, tunaeleza maisha ya Edwin Howard Armstrong wa Marekani. Ndani yake muko somo juu ya redio, na somo lingine juu ya jasho letu.

Alizaliwa New York tarehe 18 mwezi wa 12 mwaka 1890. Alipokuwa kijana alijenga mlingoti mrefu nyuma ya nyumba yao kule Yonkers, akaupanda mwenyewe kufunga antena. Mu 1912, akiwa bado mwanafunzi wa Universite ya Columbia, alitunga njia ya kuzidisha nguvu ya sauti dhaifu inayofika kwenye redio. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alikuwa ofisa wa jeshi la Marekani mu Paris. Kule, mu 1918, akatunga superheterodini, mpango ambao redio nyingi za motokari na za nyumba zinautumia mpaka leo. Ufaransa ikampa medali ya Légion d'honneur. Mu 1923 alioa Marion, aliyekuwa sekretere wa David Sarnoff, mukubwa wa sosiete RCA.

Tatizo lililobaki lilikuwa kelele. Redio za wakati ule zilikuwa AM: sauti ya musemaji inabebwa na urefu wa mawimbi, kupanda na kushuka kwake. Sasa radi ikipiga, ao buji ya motere ikitoa cheche, ile cheche nayo inagusa urefu wa mawimbi, na redio haiwezi kutenga musemaji na cheche. Wakubwa wengi wa elimu walisema hakuna dawa. Armstrong akageuza jambo: aliacha urefu wa mawimbi ukae sawasawa, akabadilisha wepesi wa kutikisika kwake. Kwenye redio inayopokea, kila kitu kinachozidi urefu kinakatwa, na cheche inatupwa pamoja nacho. Ndiyo FM. Alipata breve zake, zile karatasi za serikali zinazoshuhudia nani alitunga kitu, mwisho wa 1933. Mu 1935 aliionyesha mbele ya mainjinia wa New York: walisikia maji yakimiminwa mu glasi na karatasi ikipasuliwa, sawa vile viko mbele yao.

Lakini RCA ilikuwa imetia feza nyingi mu AM na mu televizyo. Mwaka uleule ikamwambia aondoe mashini zake mu jengo la Empire State, pale alipokuwa akifanya majaribio. Mu 1934 tribinali kubwa ya Marekani ilikuwa imekwisha kumupa Lee de Forest haki ya kazi ile ya 1912. Armstrong alitaka kurudisha medali aliyopewa na mainjinia wenzake. Wakakataa kuipokea, wakasimama na kumupigia makofi. Wenye kujua kazi walijua ni ya nani.

Hakuacha. Alijenga stesheni yake ya FM kule Alpine, mu New Jersey, kwa feza zake mwenyewe, na mlingoti wa karibu metre 120. Mu 1940 RCA ilitaka kumulipa dolari milioni moja mara moja, kisha itumie FM bila kumulipa tena. Alikataa, juu sosiete zingine zilikuwa zinamulipa kwa kila redio iliyouzwa. Mu 1945 serikali ikahamisha FM kutoka megahertzi 42 mpaka 50, ikaipeleka 88 mpaka 108. Redio zote za FM zilizokwisha kununuliwa zikakosa kazi. Mu 1948 akapeleka RCA kwenye tribinali. Kesi ikavutwa miaka, avoka wakakula feza, breve zake zikafikia mwisho wa muda wake. Nyumbani wakagombana juu ya feza, na Marion akaenda kukaa kwa dada yake. Mwanzo wa 1954 Armstrong alijitoa uhai, akiwa na miaka 63.

Marion hakuacha kesi. Mwisho wa mwaka uleule RCA ilimulipa zaidi kidogo ya dolari milioni moja. Aliendelea na sosiete zingine, na ya mwisho, Motorola, ilishindwa mu 1967. Ni sosiete ileile iliyojulikana kwanza kwa redio za motokari.

Sasa turudi kwa bisi yetu. Kwanza, chomoa sharja ya telefone na zima taa za LED za bei ndogo: hizo zinatoa kelele nyingi. Ikibaki, chomoa waya wa antena. Kelele ikipotea, ilikuwa inaingia kwa antena: angalia kama mguu wake umeshika vizuri chuma cha motokari, na kama nyuzi za buji hazijachakaa. Kelele ikibaki na kupanda na motere, inapita kwa nyuzi za umeme: kwangua kutu pale waya wa masi unaposhika chuma, kaza vizuri, kisha angalia alternatere. FM haiwezi kuzuia kelele inayopita njia hiyo. Na redio ya Japani isiyokamata stesheni zetu, pengine si mbovu: nyingi zinaishia 90 hivi, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo.

Wandugu, ukitunga namna mpya ya kufunga pompe ao ya kulinda wenzako chini ya shimo, iandike, tia tarehe, wenzako wawili wasinye, na nakala ibaki kwa delege wa sendika. Usisinye kontra ya kulipwa mara moja bila kuisoma pamoja nasi. Na mpiganaji asibaki peke yake. Armstrong alikuwa na haki na akili nyingi, lakini kwenye tribinali alisimama karibu peke yake. Sisi tuko wengi, na sendika ni juu ya hiyo.