Bwana Kirkman na Kuta Zetu

Magongo ninakokaa ni mtaa wa matofali na saruji. Ukuta ukipasuka, fundi huuziba kwa saruji, basi. Kwa hivyo kila nivukapo Makupa kwenda Ngomeni humkumbuka James Kirkman, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1906 na kufariki 1989.

Alifika Kenya mwaka wa 1948, akakabidhiwa Gede, mji uliokuwa umemezwa na msitu. Alichimba msikiti mkuu, kasri na makaburi, likiwemo lile lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Magofu aliyaacha yawe magofu; hakuyapamba yakafanana na majumba ya jana. Kwa hilo namshukuru.

Ngomeni kulikuwa jela tangu 1895. Ilipofungwa mwaka wa 1958, wakfu wa Gulbenkian ukatoa fedha, Kirkman akasimamia uchimbaji na ukarabati, na mwaka wa 1960 watu wakafunguliwa mlango wa makumbusho. Alibaki msimamizi hadi 1972.

Kazi yenyewe si nyepesi. Tumbawe lina vitundu, hunywa unyevu wa bahari pamoja na chumvi yake. Maji yakikauka, chumvi huganda ndani na kulimeng'enya jiwe polepole. Chokaa huuacha ukuta upumue. Saruji huuziba, unyevu ukatafuta njia kupitia jiwe lenyewe, na jiwe ndilo linalokwisha kwanza. Wazee wetu waliochoma matumbawe tanuuni walilijua hili bila kusomea chuo.

Ninao ugomvi naye, Mungu anisamehe kumteta maiti. Kirkman aliamini kwamba miji hii ililetwa na Waarabu wa ng'ambo, wenyeji wakafuata nyuma. Baadaye, katika miaka ya 1980, Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti, ya zamani zaidi ikiwa ya karne ya 8. Mji ulikua palepale, tabaka juu ya tabaka, mikononi mwa watu wa papo hapo. Mtu aliyezigusa kuta zetu miaka yote ile hakumwona aliyezijenga!

Ngome iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2011. Nimezunguka pale mara nyingi, na sijasikia jina la mwashi hata mmoja likitajwa. La Kirkman nalisikia.