Graham McNamee, Mtangazaji wa Michezo

Graham McNamee alizaliwa Washington, Marekani, mwaka 1888. Kabla ya utangazaji alikuwa mwimbaji. Mwaka 1923 aliitwa mahakamani New York, akae pamoja na raia wengine kuamua kesi. Siku moja, wakati wa mapumziko, alikwenda stesheni ya redio ya WEAF kuomba kazi. Sauti yake ikapendeza, akaandikwa.

Mwaka ule ule alishiriki kutangaza fainali za besiboli kati ya Yankees na Giants. Mchezo wenyewe hakuujua sana, na waandishi wa magazeti walimcheka kwa makosa yake. Walikuwa na haki, maana mtangazaji yampasa kusema sawasawa. Lakini McNamee alieleza pia hali ya hewa, umati wa watu na shangwe zao, hata aliyekaa nyumbani akajiona yumo uwanjani. Baada ya fainali za 1925 alipata barua zipatazo 50,000. Mwaka 1927 alitangaza ndondi za Dempsey na Tunney huko Chicago.

Alifariki mwaka 1942, umri wake miaka 53. Mwaka 2016 Jumba la Mashujaa wa Besiboli lilimtunukia tuzo ya watangazaji. Basi, wenzangu, kukosea kulimletea kicheko, lakini hakukumfunga mdomo.