Mbega Mwindaji, Aliyeitwa Simba

Mtu akipanda vilele vya milima juu ya Mlalo na kuelekeza uso upande wa kaskazini, huona chini nchi kubwa ya tambarare, kavu, yenye miti ya miiba. Nchi hiyo Wasambaa huiita nyika. Huku juu, penye mvua na migomba, huitwa Shambaai. Tangu kale wazee walizitenga nchi hizi mbili: Shambaai ni ya mkulima, na nyika ni ya mnyama na mwindaji. Lakini nguruwe mwitu hajui mpaka huo. Hupanda mlima usiku, huchimba shamba kwa pua yake, na kulipopambazuka mwenye shamba hukuta kazi ya miezi mingi imeharibika. Habari tutakayosoma leo ni ya mtu aliyetoka nyikani kuja kuwasaidia wakulima wa milimani juu ya adui huyu. Jina lake Mbega.

Mbega aliishi katika karne ya 18. Habari zake zilihifadhiwa vinywani mwa wazee, kisha zikaandikwa na Abdallah bin Hemedi katika kitabu cha Habari za Wakilindi, ambacho kilianza kupigwa chapa na wamisioni wa Msalabani, Magila, mwaka 1895. Masimulizi ya wazee hayalingani katika kila jambo, lakini mambo makuu ni haya.

Mbega alizaliwa katika nchi ya Nguu, kusini ya mto Ruvu, ambao leo waitwa pia Pangani. Alipoanza kuota meno, meno ya juu yalitangulia kutoka. Zamani hizo mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na watu waliamini kwamba ataleta msiba katika ukoo wake, hata wengi waliwaua watoto kama hao. Wazazi wa Mbega walimpenda, hawakukubali auawe. Basi akakua, lakini alikua chini ya macho ya watu waliomwogopa bila ya kosa lolote. Wazazi wake walipokufa, ndugu zake wakamnyima urithi kwa sababu ya meno yale. Hakupata mali.

Alichokuwa nacho ni mbwa wake, mikuki yake, na ujuzi wake wa kuwinda. Mnyama aliyemjua kuliko wengine wote ni nguruwe mwitu. Kuwinda nguruwe si kazi ya mchezo. Mchana hulala katika kichaka kizito, wala haonekani. Usiku hutoka na kundi lake kutafuta chakula. Jike huzaa watoto watatu au wanne kwa mara moja, na kwa hiyo kundi lililopunguzwa mwaka huu laweza kujaa tena upesi. Akijeruhiwa hakimbii sikuzote. Pengine hugeuka akamrukia mtu, na meno yake hukata kama kisu. Mwindaji wa nguruwe hana budi kujua njia zake, mahali pake pa kulala, na upande utokako upepo. Mbwa huingia kichakani kumtoa, na wenye mikuki humngojea mahali atakapopita. Asiyesimama imara hapo huhatarisha maisha yake.

Hatari hiyo ndiyo iliyomfukuza Mbega mara ya pili. Alikwenda Kilindi, akapokelewa vizuri, akachanjiana damu na mtoto wa mkubwa wa mahali pale. Vijana wakapenda kufuatana naye kuwinda. Hata siku moja mtoto yule wa mkubwa akafuatana nao, na nguruwe akamwua. Mbega hakuwa amemwua, lakini alijua kwamba wazee watamdai damu ya mtoto wao, na ya kwamba mtu aliyekwisha kuitwa kigego hatasikilizwa. Akaondoka usiku pamoja na wenzake wachache na mbwa wake. Kwa sababu ya kukaa kwake pale, wazao wake wakaitwa Wakilindi mpaka leo.

Tangu hapo akawa mtu wa nyika. Alilala porini, akala nyama peke yake, bila ndizi wala unga, akahama kila alipohama mnyama. Akavuka Ruvu, akafika chini ya milima ya Usambara, akapanda. Watu wa Ziai wakaona moshi mahali wasipopajua kuwa na mji. Wakatuma watu kutazama ni nani, wakamkuta mgeni mwenye nywele ndefu, na mbwa, na nyama nyingi imeanikwa. Waliogopa kwanza. Mbega hakuwatisha, aliwapa nyama. Nao wakarudi nyumbani, wakamletea chakula cha shambani. Basi ndivyo urafiki ulivyoanza: mwindaji alitoa nyama, mkulima alitoa mazao, na kila mmoja akapata alichokosa.

Wenyeji wakamweleza taabu yao. Nguruwe walikuwa wengi na walimaliza mashamba. Mkulima aliyeshika jembe mchana kutwa hawezi kukesha kila usiku, na hata akikesha, nguruwe mmoja akifukuzwa huku, kundi huingia kule. Mbega akafanya kazi hiyo. Akawasaka mahali walipolala, akawaua wengi, na nyama yake hakuiweka peke yake, bali aligawia kila mlango. Neno hili wazee hulitaja kila wanaposimulia habari zake. Mwindaji mwenye choyo huondoa nguruwe shambani, lakini humwachia jirani kijicho. Mbega aliondoa nguruwe na njaa pamoja. Tena alikuwa na dawa, na alijua kuamua magomvi kwa haki, kwa kuwa mgeni hana ukoo wa kupendelea. Wazee wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Mbega neno hili lilitimia.

Sifa zake zikafika Bumbuli, akaitwa huko. Zikatoka Bumbuli zikafika Vuga. Wazee wa Vuga wakaja wenyewe kumwomba akae kwao. Akakubali. Usiku walipolala njiani, simba akawajia, na Mbega akamwua. Asubuhi watu walipomwona mnyama yule amelala chini, wakastaajabu sana. Akaingia Vuga pamoja na ngozi ya simba, na watu wakampa jina la Simba.

Huenda msomaji akauliza: je, simba naye hawindi nguruwe? Mbona Mbega alimwua mwindaji mwenzake? Swali hili ni la haki, na wawindaji wa kila nchi wamelijadili. Wako waliosema kwamba mnyama alaye nyama ni mwizi wa mawindo, heri amalizwe. Katika Afrika, wakati wa ukoloni, hata wasimamizi wengi wa hifadhi waliwapiga risasi mbwa mwitu kwa sababu hiyo. Huko Marekani, katika hifadhi ya Yellowstone, mbwa mwitu wa nchi ile walimalizwa kabisa kufika mwaka 1926. Baadaye kulungu wakubwa walizidi wingi, wakala miti michanga mpaka mahali pengine haikuweza kukua. Mwaka 1995 watu walianza kuwarudisha mbwa mwitu wale. Mwaka huohuo, huko Mkomazi katika nyika iliyo chini ya milima yetu, ilianzishwa kazi ya kuwafuga mbwa mwitu wa Afrika ili wazaane na kuachiwa porini, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kupungua sana. Basi watu walibadili shauri lao, lakini baada ya hasara.

Mwindaji mwenye busara hatazami jina la mnyama, hutazama tendo lake. Chui anayekamata nguruwe na nyani karibu na shamba humlinda mkulima bila ya kudai ujira. Lakini simba anayewajia watu usiku mahali walipolala hawezi kuachwa, hata kama jana alikula nguruwe. Wala nguruwe mwenyewe hana kosa akiwa nyikani. Kosa huanza anapoingia shambani. Mbega aliwinda nguruwe walioharibu mashamba, akamwua simba aliyemjia njiani. Kazi yake ilikuwa na mpaka, na mpaka huo ni usalama wa watu na chakula chao.

Watu wa Vuga wakamfanya mfalme. Hakuja na jeshi, wala hakuteka mji. Watu walimtaka wenyewe kwa sababu ya kazi aliyoifanya. Akaoa katika koo nyingi za nchi, hata watoto wake wakawa na wajomba kila upande, na hivyo Usambara ikafungwa kwa udugu. Yule ambaye ndugu zake walimnyima urithi akawa na nchi nzima. Alipokufa, wazee wachache tu waliambiwa. Walificha habari ya msiba, wakatuma watu Bumbuli kwa siri kumleta mwanawe Buge, ili nchi isikae bila mfalme hata siku moja. Basi watu wakasikia habari mbili pamoja: Mbega amekufa, na Buge ameketi mahali pake.

Tangu hapo kila mfalme wa Vuga aliitwa Simba. Jina hilo lilikuwa sifa, lakini pia lilikuwa onyo. Simba hufukuza wanyama waharibifu, na watu hulala salama. Lakini simba naye hula. Mali yote ya nchi ilihesabiwa kuwa ya mfalme. Watu walimletea kodi ya mazao na mifugo, naye alipaswa kuleta mvua, kuamua mashauri, na kuwalisha wenye njaa. Wasambaa husema kwamba mtawala aweza kuiponya nchi, na aweza kuiharibu. Nguvu ni ileile moja. Yatofautiana matumizi yake tu.

Wazao wa Mbega walitawala kwa muda mrefu, na Kimweri ye Nyumbai, aliye mkubwa kuliko wote, alitawala toka milimani mpaka karibu na pwani. Lakini alipokufa mwaka 1862, wakubwa wa ukoo walipigania ufalme. Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde, chini nyikani penye njia ya misafara, akapata bunduki nyingi kwa biashara. Vita vikaenea, na watu waliokuwa chini ya ulinzi wa Wakilindi wakakamatwa na kuuzwa utumwani ili kununua bunduki na baruti. Simba aliyeitwa alinde shamba alianza kuwala wenye shamba. Wabondei hawakuvumilia, wakaasi, wakawafukuza Wakilindi katika nchi yao. Walifanya kwa watawala kama Mbega alivyofanya kwa simba wa njiani: hawakutazama jina kubwa, walitazama tendo. Baadaye Wajerumani walitwaa nchi, kisha Waingereza, na baada ya uhuru, mwaka 1963, utawala wa machifu ulikomeshwa katika Tanganyika nzima.

Leo hakuna mfalme Vuga, lakini nguruwe bado wapo, na wakulima wa milima ya Usambara bado hukesha kulinda mashamba. Msitu umepungua, watu wameongezeka, na mpaka kati ya nyika na shamba ni mwembamba kuliko zamani za Mbega. Mtu wa leo haruhusiwi kuua wanyama wa porini apendavyo. Hupeleka habari kwa maofisa wa wanyamapori, nao huwa na sheria za kufuata. Lakini shauri linalotakiwa ni lilelile la mwindaji wa Nguu: kumjua mnyama kabla ya kumwinda, kumzuia anayedhuru, kumwacha asiyedhuru, na kugawa faida kwa wote waliopata hasara.

Wazee waliomsimulia Mbega hawakumsifu kwa kuwa aliua wanyama wengi. Wengi waliua wanyama, na majina yao yamesahauliwa. Walimsifu kwa kuwa mashamba yalipona, na kila mlango ulipata fungu lake la nyama.